Siku Tuliyoitamka K

Sweta ya mtoto wangu ikikauka kando ya jiko, ile harufu ya sufu mbichi hunirudisha Molo, kwenye darasa la baridi, sote tumenyeshewa njiani.

Nilikuwa mgeni, tumehamia kutoka Rongai. Mwalimu wetu wa Kiingereza akanisimamisha nisome. Nilipofika kwenye neno "knife", nikalisoma nilivyoliona: "Kinaifu." Darasa zima likaangua kicheko. Nikaketi, nikaapa moyoni kwamba sitasoma tena mbele ya watu.

"Hebu nyamazeni," mwalimu akasema. Akaliandika neno ubaoni, akaipigia K mstari. "Zamani sana, Waingereza wenyewe walikuwa wanaitamka hii K. Baadaye wakaacha kuitamka, lakini kwa maandishi ikabaki. Huyu amesoma kama mababu zao."

Jirani yangu wa dawati, msichana aliyenicheka kuliko wote, akainua mkono. "Ticha, na hii?" akauliza, akijigonga goti. "Knee?"

"Hata hiyo."

Basi ikawa sherehe. "Kinii! Kinii!" tukapiga kelele, tukijipiga magoti kwa viganja hadi yakapata moto, naye mwalimu akicheka huku ameshikilia ubao.

Mwalimu wa darasa la pili akatokea mlangoni. "Kwani huku kuna nini?"

"Ticha, uliza huyu," jirani yangu akasema, akinisukuma begani. "Ndiye anajua."

Nikasimama, nikamweleza yote, kwa sauti iliyofika hadi dawati la nyuma.