Gunia la Chumvi Sikulifungua

Kabla ya mguu huu wa mti mimi nilikuwa mtu wa baiskeli. Kisangani hadi Banalia, mwezi kwa mwezi, na sabuni na vitambaa. Chini ya kiti mfuko wangu haukukosa: pampu, funguo mbili za nati, gundi, vipande vya mpira, kamba, kitambaa safi. Sikilizeni, nyinyi mnaobeba watu kwa baiskeli leo, maana mfuko ule niliuacha nyumbani.

Ilikuwa miaka ya uasi, uhuru ungali mchanga. Waasi wakikukuta na funguo kwenye bariera, kizuizi chao cha njiani, wewe ni fundi, wanakupeleka kutengeneza malori yao, na wengine hawakurudi. Basi sisi watu wa baiskeli tukajifanya wajanja, tukawa tunasafiri bila chombo hata kimoja. Ujanja gani ule!

Mke wangu Zuhura alikuwa kwao Banalia. Baba yake alituma neno: nikitaka kumrudisha, nije na chumvi, kule imekwisha. Niliitafuta miezi miwili, nikapata kigunia. Mama alikishona mdomo kwa mkono wake. Akaniambia gunia la bokilo, yaani baba mkwe, halifunguliwi njiani. Ukifika nalo limefunguliwa, umemtukana.

Siku ya kwanza tu tairi la nyuma likatoboka. Gundi sina. Nikalijaza majani, kama tulivyozoea, likawa linarukaruka. Kwenye mteremko wa daraja la magogo breki ikagoma, nikaanguka. Chuma cha pedali, ambacho mpira wake ulikwisha zamani, kikaingia kwenye shavu la mguu. Niliona nyama nyeupe kabla ya damu. Nikafunga kwa tambara la kufutia mnyororo, jeusi kwa grisi, kwa kuwa jingine sikuwa nalo.

Nilikuwa na Selemani, rafiki yangu tangu utoto. Aliificha baiskeli yangu kichakani, akanipandisha juu ya yake, gunia mapajani mwangu, akasukuma. Tulipopumzika mtoni akasema tuchemshe maji, tuoshe kidonda kwa chumvi.

"Usifungue," nikamwambia. "Iko ya bokilo."

"Muguu iko yako," akasema. "Mi nitasukuma tu."

Alisukuma kwa hasira, bila kusema nami. Siku ya tatu nilijinusa mwenyewe. Siku ya nne mguu ulivimba hadi gotini, ngozi imekuwa nyeusi, ukibonyeza unatoa maji ya kijani. Nilitaka kufa, sisemi uongo. Lakini gunia nililikumbatia lisilowe.

Banalia daktari alikwisha kukimbia. Alibaki muuguzi mzee, bila dawa. Alinusa kabla ya kutazama.

"Munabeba nini pale?"

"Chumvi."

"Tangu siku ngapi?"

"Ine."

Akachukua kisu, akakata uzi wa mama.

"Bon. Iko ya kukata, juu ya goti."

Walichemsha msumeno wa seremala kwenye maji ya chumvi ile. Selemani na bokilo walinishika. Niliusikia mfupa wangu hadi mwisho.

Miezi miwili nililala na homa. Kila asubuhi Zuhura aliniosha kwa chumvi, naye alikuwa analia, mpaka gunia likaisha. Lote lilikwenda kwenye mguu ambao haupo. Alhamdulillahi, niko hai, na Zuhura nilirudi naye. Selemani ndiye aliyesukuma tena. Baiskeli yangu hatukuikuta, na hata tungeikuta, ya nini?

Ushauri wangu ni mdogo. Bebeni pampu, gundi na funguo, hata kama mnaogopa. Bebeni kitambaa safi, msikitumie kwa mnyororo. Na kama unabeba kitu cha mkwe na damu inatoka, fungua.

Chumvi ilipoisha nilimwomba bokilo msamaha, kwamba sikumletea hata kijiko. Alitazama pale mguu ulipokuwa.

"Mutoto yangu," akasema, "tungekula bila chumvi."