Siku Baba Alipokaa Kwenye Benchi la Wateja

Baba alitoka Muheza kuja Tanga mjini kupimwa macho. Alipomaliza hospitali akaona apite ofisini kwangu, jioni twende nyumbani pamoja. Ofisi yetu inashughulika na kutoa mizigo bandarini. Ina meza tatu, kaunta na benchi la wateja. Nilimwamkia, nikamletea maji, nikamwomba anisubiri. Sikumtambulisha kwa mtu. Benchi lilikuwa limejaa, akajibana pembeni kabisa.

Mara meneja akatoka chumbani kwake, simu ingali mkononi. Mfanyabiashara mmoja wa Pemba, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa amemlalamikia kwamba nilimwahidi kumpigia kumweleza mzigo wake umekwama wapi, na sikumpigia. Kweli sikupiga. Sikuwa na jibu la kumpa, nikaona ninyamaze kwanza mpaka nilipate.

"Wewe hujui kusema na watu," meneja akaniambia mbele ya benchi zima. "Mtu mzima, una watoto, unashindwa kunyanyua simu?"

Aliendelea, mengine siyakumbuki. Nakumbuka nilivyokuwa nikiitikia "samahani bosi, ndiyo bosi," kwa kisauti ambacho kwetu hakuna aliyewahi kukisikia kwangu. Nilipothubutu kutazama kwenye benchi, baba alikuwa ameinama, anafuta miwani kwa ncha ya shati, anafuta tu. Kisha akanyanyuka, akatoka taratibu kama mteja aliyechoka kusubiri. Nilielewa. Hakutaka ijulikane kwamba ni baba yangu.

Nilimkuta nyumbani. Wakati wa chakula alizungumza habari za dawa, akawatania wajukuu. Mume wangu akamuuliza ofisi ameionaje.

"Pana feni nzuri," baba akasema.

Nikainuka, nikaanza kukusanya sahani.

Asubuhi nilianza kwa kumpigia yule bwana wa Pemba. Nilimwomba radhi, nikamwambia bado sijajua mzigo uko wapi, ila adhuhuri nitampigia, nijue nisijue. Akanishukuru, wala hakuwa na kinyongo. Ndipo nikabisha hodi kwa meneja.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Ila nikikosea, niite humu ndani. Yule mzee wa pembeni jana ni baba yangu."

Meneja ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alijishika paji la uso, akauliza kwa nini sikumwambia mapema. Aliomba radhi, na tangu hapo anatuita ndani, ingawa sauti yake bado inapenya ukuta.

Baba aliporudi kuchukua miwani mipya, alipita tena. Safari hii nilimtambulisha. Meneja aliacha kiti chake, akaja mpaka kwenye kaunta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkubwa." Baba alimpokea mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. "Nakuomba umvumilie huyu binti. Kama ana upungufu, tuliomlea ni sisi."

Aliyasema kwa upole, bila kejeli hata chembe, na wateja walikuwa wakisikia. Meneja aliitikia kwa kichwa, mkono wake ungali mikononi mwa baba. Mimi niligeukia kompyuta, nikaanza kubonyeza herufi, nayo ilikuwa haijawashwa.