Mpiga chapa anayesaka mwisho wa kesi

Saa mbili asubuhi. Mahakama haijafunguliwa, na Mama Juzuu ameshachoka. Ameketi kwenye baraza inayotazamana na geti, mashine yake ya kupiga chapa ikiwa juu ya meza yenye mguu mmoja wa kuazima, kitambaa cha miwani begani kama taulo la kinyozi.

Mteja wa kwanza ni kijana aliyenyang'anywa pikipiki na shemeji yake. Anaeleza kwa hasira, mikono inaruka.

"Polepole, mwanangu. Mashine haijui kugombana. Ilikuwa lini?"

Hati inatoka. Kijana anaikwapua, anavuka barabara, geti linammeza.

"Ndiyo kazi yangu hiyo," anasema Mama Juzuu akipangusa miwani. "Watu wananipa mwanzo wa kesi, mwisho wanaondoka nao. Miaka ishirini na mitatu! Akishinda, atanikumbuka? Akishindwa ndiyo kabisa, atapita upande wa pili wa barabara."

Siku nzuri huchapa kurasa kumi na mbili, siku mbaya nne. Tangu duka la kompyuta lifunguliwe jirani yake, siku mbaya ndizo zenye kazi ya kudumu. Hata hivyo, akibakiwa na chochote hupita kwa wauza vitabu chakavu kutafuta aina moja tu: vitabu vya wasomi kuhusu historia ya sheria na mahakama. Vinene, vizito, tanbihi zimejazana chini ya ukurasa kama sisimizi kwenye sukari. Husoma kamusi ikiwa pembeni, na anakiri nusu humpita. Anachofuata ni kesi za kale zinazosimuliwa humo, kwa kuwa zina hukumu.

Mumewe, fundi cherehani, alisalimu amri zamani. Vitabu vilianzia chini ya kitanda, vikapanda kabatini, sasa vimemfukuza yeye na cherehani yake hadi sebuleni.

"Angekuwa na mpenzi wa nje, afadhali," analalamika. "Huyo angelala kwao."

Kinachomnyima mkewe usingizi ni seti moja ya juzuu sita. Ilikuwa mali ya jaji mstaafu aliyefariki miaka tisa iliyopita. Wanawe wawili waligawana maktaba yake kwa haki isiyo na doa: hiki chako, hiki changu, kama watoto na karanga. Haki ikatendeka, vitabu vikadhulumiwa. Mkubwa akaondoka na juzuu ya kwanza, ya tatu na ya tano, akaziuza mwezi uleule. Mama Juzuu alizidaka mbiombio asije akatangulia mwingine, na hakuzitazama namba mpaka alipofika nyumbani.

Juzuu ya kwanza inaishia kwenye kesi ya mwanamke mfinyanzi aliyemshitaki tajiri kwa kujenga ukuta uliomzuia kufika kwenye udongo wake. Ukurasa wa mwisho, jaji anainuka kitini, anaagiza viatu vyake, anasema atakwenda kuutazama huo ukuta mwenyewe. Basi. Karatasi imekwisha.

"Hata vitabu navyo vikanifanyia kama wateja," anasema.

Juzuu ya pili, ya nne na ya sita ziko kwa mdogo mtu, mfuga kuku anayeitwa Bwana Mayai. Zimepangwa rafuni, juu ya magunia ya chakula cha kuku. Mama Juzuu alipomwendea mara ya kwanza, alimkuta mlangoni, ndoo mkononi.

"Haziuzwi, mama. Kaka aliuza za baba kaburi halijakauka. Mimi nimeapa."

"Viapo nachapa kila siku, baba. Wengine wanaapa huku wanatafuna."

"Mimi sikuwa natafuna."

Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru. Kunguru huyu amerudi kwa panzi huyo mara nyingi asizozikumbuka, na bado hajafurahi. Katika ziara mojawapo ndipo alipogundua kwamba Bwana Mayai naye ana donda lake.

"Changu kinaanza, 'Aliporudi, viatu vimejaa udongo,'" alilalamika mfuga kuku. "Nani? Karudi kutoka wapi? Miaka tisa namsoma mtu karudi, sijui alikwenda wapi! Kisha jaji akasema..."

"Ishia hapo hapo!" Mama Juzuu aliziba masikio. "Nataka kusoma mwenyewe!"

"Basi niuzie za kwako."

"Labda unizike nazo."

Wakaachana hivyo, kila mmoja na nusu yake.

Mwaka huu daktari amemkatia Mama Juzuu shauri lingine. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Foleni ya upasuaji ni ndefu, na la kushoto tayari ni ukungu mtupu. Mchana hukisia herufi kwa vidole vilivyozizoea. Usiku hufungua kitabu, mistari inaungana, anakifunga.

"Nilidhani nina muda wa kumshinda yule mfuga kuku kwa ukaidi," anasema. "Kumbe muda wenyewe ndio unaonikimbia. Nimechoka. Nimechoka kumiliki nusu ya kitu."

Jumapili iliyopita alikwenda tena kwa Bwana Mayai. Hakutaja bei. Alimwambia ataleta juzuu zake tatu zikae rafuni pamoja na zile nyingine, bila kuuziana, na kwamba msomaji atakuwa Bwana Mayai, kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Bwana Mayai alikuna kichwa. "Na kiapo changu?"

"Uliapa hutauza. Nani kakwambia uuze?"

Mfuga kuku akaenda kutafuta kiti cha pili, akakipangusa manyoya.

Wataanza Jumapili hii. Mumewe amejitolea kubeba mzigo, kwa bashasha inayotia shaka. Cherehani imeshapimiwa nafasi chumbani. Mama Juzuu haulizi juzuu zitakuwa za nani baadaye. Ameweka sharti moja tu.

"Nimemwambia awalishe kuku mapema," anasema akiingiza karatasi mpya kwenye mashine. "Akishaanza kusoma, asiniinukie. Nimechoka kuahirishwa."