Kuku Mwekundu wa Krismasi

Harufu ya mkaa uliomwagiwa maji ikinipata mahali popote hunirudisha Wabera, mtaa wa utoto wangu, kwenye ploti yetu ya vyumba vya mabati, Desemba nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya ugonjwa uliomlaza karibu mwaka mzima. Muda huo wote Mama Halima, jirani yetu wa ukuta mmoja, alitulisha mimi na wadogo zangu kana kwamba ametuzaa yeye, na kila Jumapili alinisuka nywele akizivuta mpaka machozi yakanitoka. Mama aliporudi, amekonda shingo na miguu, alitangaza jambo moja tu: Mungu alimpa uhai bure, bila yeye kustahili, kwa hiyo Krismasi ile ploti nzima ingekula kwetu.

Nusu ya ploti walikuwa Waislamu, na kila mtu aliujua utaratibu. Mkristo akitaka jirani ale nyama yake, mbuzi huchinjwa na Mwislamu. Mchinjaji wetu alikuwa Mzee Guyo, mumewe Mama Halima, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyenoa kisu huku akiimba kwa pua. Angekuja saa nne, wengine wakitoka kanisani. Mimi niliachwa nyumbani kumlinda mbuzi wetu wa sikukuu asile shuka zilizoanikwa.

Saa tatu akaingia Mjomba Ekai, kaka yake Mama, ametembea kutoka Leparua na njaa yake yote.

"Nakiru, huyu mbuzi anangoja nini?"

"Kisu," nikajibu, nikijiona mjanja. Nilimletea mwenyewe. Nilitaka Mama arudi akute kazi imekwisha, na utaratibu ukanitoka kichwani. Baada ya muda mfupi ngozi ilikuwa juu ya kamba ya nguo, nami napiga makofi.

Makofi yalikatika Mzee Guyo alipotokea langoni, kisu chake kimefungwa kwa gazeti. "Salaam aleikum," akasema, akaitazama ngozi, kisha mjomba. "Kumbe mimi nimeitwa kwa mazishi!" Alicheka, lakini Mama, aliyekuwa nyuma yake na kitenge chake cha kanisani, aliketi juu ya dumu la maji. Hatukuwa na mbuzi mwingine. Mama Halima, aliyetulisha mwaka mzima, angekaa mlangoni petu akinusa nyama asiyoweza kuila. Nikaanza kulia nikingoja fimbo.

Mama alinivuta karibu, akanifuta kamasi kwa ncha ya leso. "Umekosea, nimekusamehe, yameisha. Hata mimi Mungu amenisamehe mengi, na bado akanirudisha kwenu. Sasa niambie, wageni wetu watakula nini?"

Aliniuliza mimi, si mjomba. Jibu nililijua na sikulipenda. Nilikuwa na kuku mmoja, mwekundu, jina lake Malkia. Mama Halima alinipa akiwa kifaranga, siku niliyokataa kula kwa kumlilia Mama. Hakuna aliyemtaja. Wangeniamuru, ningekataa hadi jioni. Lakini fimbo niliyoingoja haikuja, na kifua changu kilikuwa chepesi ajabu.

"Kuna Malkia," nikasema.

Malkia mwenyewe hakukubali. Alipita chini ya kitanda, juu ya meza, katikati ya shuka, na mjomba akaanguka na shati lake jeupe. "Mjomba, yule mbuzi alikuwa amefungwa!" Halima, binti yake Mzee Guyo, akapiga kelele, na ploti nzima ikaangua kicheko. Mzee Guyo alimchinja Malkia kwa bismillahi, Mama Halima akaleta sufuria yake mwenyewe, na kuku mmoja akatosha wali wa watu tisa, wengine wakala mbuzi. Alipoambiwa ni kuku gani, Mama Halima alisukuma sahani yake katikati yetu. "Basi kula na mimi," akasema.

Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mji mmoja: Moyale, Lodwar, Nakuru, mizigo yangu ikijaa begi moja. Siku hizi hata Wabera nyama inaletwa na boda, imekatwa tayari, na majirani wamejenga kuta za mawe. Krismasi iliyopita ilinikuta kwenye mji nisikojua mtu. Nilinunua kuku akiwa hai, nikambeba kwapani mpaka mlango wa jirani, nikabisha.

"Salaam aleikum, dada. Kuna mtu hapa kwenu wa kunichinjia? Nataka tule pamoja."

Alinitazama, akamtazama kuku, akacheka. "Ingia kwanza," akasema.