Ngedere Waliolikimbilia Debe

Ukipita Mchombe wakati mahindi yanaanza kubeba, utamsikia Serafina kabla hujamwona. Wenzake wanagonga madebe kufukuza ngedere, kazi ambayo hata mtoto anaweza kuachiwa. Yeye hagongi kitu. Anasimama juu ya dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, anapiga kelele kwa koo lake mwenyewe mpaka sauti inakatika. Wapita njia wanacheka. Wanasema mama huyu ana hasira za kuzaliwa. Debe analo, limetundikwa pale pale kwenye nguzo, ila anaona raha kugombana na wanyama. Waache wacheke. Hasira anazo kweli na hazikani, lakini hakuzaliwa nazo zote. Nyingine aliletewa na pikapu.

Ilikuwa mwaka ule kabla ya mvua za El Nino, mwaka wa jua kali, mpunga bondeni ukiwa umesimama kwa shida kama mgonjwa anayejaribu kutembea. Serafina alikuwa mjane tayari. Mumewe, Adolf, alikufa kwa kifua kikuu, akikohoa mpaka mbavu zikaonekana zote, na Serafina ndiye aliyemgeuza kitandani hadi mwisho. Alibaki na wajukuu, mkubwa wao Frida, na kishamba cha mahindi kando ya msitu. Mahindi hayo ndiyo yangewavusha mpaka mpunga uvunwe. Yakiliwa, watoto hawana kitu. Hilo hakuhitaji mtu wa kumweleza.

Kiangazi kilichotangulia, watu wa kampuni moja kutoka Ifakara walikuja kijijini. Mkutanoni walisema wataalamu wa ng'ambo wanahitaji tumbili wa kujaribia dawa za binadamu, na tumbili ni hao hao ngedere wanaotutesa. Wangewakamata, wangewapeleka, na sisi tungepumzika. Watu walipiga makofi. Serafina alipiga kuliko wote. Aliwapikia wategaji ugali na kambale, akawapa ndizi zake za kuweka kwenye mitego, na jioni alijisifu mbele ya majirani kwamba mdogo wake, Donati, ameajiriwa na kampuni hiyo hiyo, kulisha na kusafisha wanyama kwenye uwanja wao kule Lipangalala, Ifakara.

Ambacho mkutano haukuambiwa ni kwamba kampuni haikutaka ngedere yeyote tu. Ilitaka vijana, wazima, wenye vidole vyote. Kila aliyekamatwa alipimwa damu, na akadungwa sindano ya kipimo cha kifua kikuu kwenye ukope wa jicho. Ukope ukivimba, mnyama ana ugonjwa na hakuna mnunuzi atakayemgusa. Waliokataliwa walipakwa rangi ya bluu mkiani wasije wakachanganywa na wengine, na hao walitakiwa kuuawa na kuchomwa moto. Hayo Serafina aliyajua baadaye, alipokwisha kulipia kwa mahindi yake.

Mahindi yalipoanza kubeba, ngedere walikuja kama kila mwaka. Serafina akapanda dunguni na debe lake, akagonga. Wale wa porini wakakimbia, kama walivyokimbia enzi za mama yake. Ila nyuma yao wakatokea wengine ambao hawakukimbia. Walilisogelea debe. Alipogonga kwa nguvu zaidi walikuja mbio zaidi, wakaketi chini ya dungu wakimtazama juu, viganja wazi, kama watoto wanaosubiri uji shuleni. Akawatupia kijiti, wakakinusa. Akashuka na fimbo, wakasogea kidogo tu, halafu wakageukia mahindi, wakavunja na kula huku wakimwangalia usoni.

Serafina alikwisha kudharauliwa na watu maishani mwake, lakini na ngedere ilikuwa mara ya kwanza. Aliona wanamfanyia makusudi. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba huo si mchezo, kuna mkono wa mtu. Serafina akamjibu kwamba mchawi anayehangaika na mabua ya mjane basi naye ana njaa, aje mchana wagawane. Alicheka aliposema hivyo, lakini kicheko hakikufika mbali. Mstari wa kwanza wa mahindi ulikuwa umekwisha, wa pili unafuata, na nyumbani Frida alikwisha kuanza kuwapunjia wadogo zake uji bila kuagizwa na mtu.

Siku alipoiona ile rangi ya bluu mikiani, alijua wanyama hawa wamepita mikononi mwa watu. Akaenda moja kwa moja kwa Masanja. Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa pili wa kijito, na mwaka ule kila baya lililotokea Mchombe lilipelekwa kwanza kwake kabla halijatafutiwa mwenyewe. Serafina alimkuta akikamua, akamwaga yote aliyokuwa nayo kifuani: ng'ombe walikanyaga mpunga wake, sasa amefuga na ngedere?

Masanja alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuinua sauti.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Ng'ombe wangu wana makosa, sikatai. Hawa sikuwaleta mimi. Wanaletwa na ile pikapu nyeupe ya Lipangalala. Jumapili inasimama pale darajani, matundu yanafunguliwa, wanaingia msituni."

Serafina aliijua pikapu hiyo. Ndiyo iliyomleta Donati kumtembelea baadhi ya Jumapili, akiwa na sukari na mche wa sabuni, huku watoto wakimkimbilia na kumning'inia mikononi. Kumbe mdogo wake anakaa ndani anakula, na dereva huko nje anamwaga takataka za kampuni kwenye shamba la dada yake! Aliapa kwamba Donati atakapojua, kampuni nzima itamtambua ni mtoto wa nani.

Alirudi shambani, akagonga debe. Wakaja. Aliyetangulia alikuwa jike lenye ukope mmoja uliovimba na kuning'inia, likikohoa kikohozi kikavu. Lilikaa karibu kabisa, likanyoosha mkono. Serafina akalifunika na tenga, akalifunga kwa kamba, na kesho yake alfajiri akapanda lori la mpunga kwenda Ifakara, tenga mapajani. Njia nzima mnyama alitulia kimya, ila kukohoa. Serafina naye alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na maneno ya kumtosha meneja na wote waliomzaa.

Alifika Lipangalala jua likiwa limeshapanda, akaufuata ukuta wa mabati wa kampuni. Kabla hajafika getini, ndani likaanza kulia debe. Mnyama aliyekuwa ametulia tangu Mchombe alilipuka. Alirukaruka ndani ya tenga, akaingiza mkono kwenye tundu, akawa anaunyoosha kuelekea kwenye mlio. Serafina alisimama pale barabarani. Hakuhitaji kufikiri sana. Hapo ndipo walipofundishwa kwamba debe ni chakula.

Akaingia. Wanyama wote walikuwa wamebanana kwenye nyavu, viganja nje, na mtu aliyeshika kijiti mbele yao, debe magotini na beseni la ndizi pembeni, alikuwa Donati.

Aligeuka, akamwona dada yake, akaliona tenga na mkia wa bluu. Kijiti kikamponyoka.

"Dereva ndiye anawamwaga," Serafina alisema, maana bado alitaka iwe hivyo. "Sema ni dereva."

"Ni mimi, dada."

Akamweleza, macho yakiwa chini. Dawa ya kumlaza mnyama afe bila maumivu ilikuwepo, imefungiwa kabatini kwa meneja. Lakini iliagizwa kutoka nje, na meneja alisema haipotezwi kwa wanyama wasiouzika. Yeye akapewa rungu.

"Wa kwanza nilimpiga. Na waliofuata. Halafu akaletwa huyo. Nilipoinua rungu akaanza kukohoa. Anakohoa kama shemeji, dada. Wewe unajua alivyokohoa. Mkono ukagoma. Na tangu siku hiyo umegoma kwa wote."

"Kwa hiyo ukaniletea mimi."

"Niliona kule kuna msitu. Niliona watajitafutia."

"Adolf nilimzika," Serafina alisema. "Wewe umeurudisha ugonjwa wake nyumbani kwangu, halafu ukaja ukala ugali wangu na watoto wakiwa wamekushika mikono. Wanaokota mahindi yaliyoachwa na hawa, wanachoma, wanakula. Ulijua hilo?"

Donati hakuwa amelifikiria. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, huruma yake inaishia pale macho yake yanapoishia. Serafina angemzaba kofi kama mikono isingekuwa na tenga. Alimpenda, na ndiyo maana alitaka kumpiga zaidi.

Hapo akatoka meneja, Elineema, daktari wa mifugo, mtu wa Upareni, shati limepigwa pasi. Alipoelewa kilichotokea alimgeukia Donati na kumwambia afungashe, hana kazi. Aliona ameshamaliza. Serafina akaliweka tenga kwenye ngazi za ofisi, mbele ya viatu vyake.

"Usimfukuze haraka hivyo, daktari. Huruma yake imekula mahindi yangu, hilo ni langu na yeye. Lakini ubahili wako ndio ulioizaa. Wewe una dawa kabatini na umempa mtu rungu. Sasa sikiliza. Ama unapanda hiyo pikapu yako na hiyo dawa yako, tunakwenda Mchombe kuwaondoa wote mliotuletea, ama mimi nakaa na huyu sokoni Ifakara, nimweleze kila anayepita kwamba mnyama huyu anatoka kwa nani na anakohoa nini."

Elineema aliitazama barabara, akaifikiria leseni yake, akaenda kufungua kabati. Jike lilipewa sindano pale pale, mkono wake ukiwa umeshikwa na Donati.

Kesho yake asubuhi walisimama kwenye ukingo wa msitu. Elineema alikuwa amevaa glavu na kufunika pua na mdomo. Shimo lilikuwa limechimbwa, mafuta ya taa yako tayari. Donati alipiga magoti, debe mbele yake, kijiti mkononi. Mpango ulikuwa rahisi: agonge, waje, awape ndizi, wachomwe sindano wakiwa wanakula. Kila mtu alisubiri. Donati alikiangalia kijiti, akaanza kulia bila sauti, na mkono haukunyanyuka.

"Gonga," Serafina alimwambia.

"Siwezi, dada. Wananiamini."

Serafina aliutazama msitu, akayatazama mahindi yaliyobaki. Akamkumbuka Frida akipima uji kwa jicho. Alimkasirikia Donati kwa machozi yake, akamkasirikia Elineema kwa glavu zake safi, akajikasirikia na yeye mwenyewe kwa makofi aliyopiga mkutanoni. Akakichukua kijiti mkononi mwa mdogo wake. Akagonga kama alivyogonga msimu mzima, kwa uchungu wote aliokuwa nao.

Wakaja. Walitoka msituni mmoja mmoja, mikia ya bluu juu, wakaketi mbele yake, wakafungua viganja. Donati aliwapa ndizi. Elineema alifanya kazi yake. Aliyekuwa nyuma alimwona wa mbele akilala, akasogea kuchukua nafasi yake. Hakuna aliyekimbia, na hilo ndilo lililomkera Serafina kuliko yote. Msimu mzima aliwaombea waondoke. Sasa aliwakaripia huku akigonga: mbona hamkimbii, wajinga nyie, mbona hamkimbii. Wakadhani wanaitwa, wakaja waliobaki. Aligonga mpaka hakutokea mwingine.

Donati hakurudi Lipangalala. Alibaki Mchombe, analima mpunga, na wadogo zake Frida bado wanamning'inia mikononi. Mwaka huo walikula walichookoa, na maziwa aliyotuma Masanja bila kuombwa. Serafina alimshukuru kwa ukali, maana hajui kushukuru kwa namna nyingine. Hakuna mtoto aliyekohoa, ingawa aliwasikiliza vifua mwaka mzima. Kampuni ilihama, na hakuna aliyekuja kuomba radhi.

Msimu uliofuata, mahindi yalipobeba, Frida alimkuta bibi yake dunguni, sauti imeshakauka na asubuhi haijaisha. Ngedere wa porini walikuwa wanaingia upande wa pili. Frida akalitungua debe kwenye nguzo, akampa.

"Bibi, si ugonge tu? Hawa wanakimbia debe."

Serafina alilipokea, akalitundika tena mahali pake.

"Nilishagonga," alisema, akageukia msitu, akaanza kupiga kelele.