Tone Moja la Damu, Vihingo

Mtafiti yule wa maabara ya Kibaha si mtu wa maneno mengi, na Mwamvita humpendea hilo. Kila akifika kijijini Vihingo humwamkia, huvua viatu mlangoni, kisha hunawa na kusugua viganja mpaka vipate joto ndipo amguse mtoto wa kupimwa. Kifaa alichokibuni ni kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, chenye vijia vyembamba kama unywele. Tone la damu hupita humo na kuonyesha kama mtoto amerithi ugonjwa wa damu wa selimundu. Hukishika kwa ncha za vidole, pumzi ameibana, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.

Siku alipompima mjukuu wa Mwamvita, kichanga bado, hakukalia kiti alichowekewa. Alikaa mkekani, ubavuni mwa bibi huyo aliyewahi kumzika kifungua mimba wake kwa ugonjwa huohuo, bila mtu kumwambia wakati ule unaitwaje. Mstari mwekundu ulipojitokeza kwenye kifaa, mtafiti alikiweka chini, akampakata mtoto.

"Mama, anao," alisema. "Lakini safari hii tumewahi. Dawa zipo, na kliniki ipo. Akitunzwa, atakua."

Machozi yakamtoka mtafiti. Akayafuta kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imempakata mtoto.

Mwamvita akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni. "Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Sasa nieleze hizo dawa anapewaje. Taratibu, nisije nikasahau."