Mguu wa Kisu na Mguu wa Joto

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya upasuaji kule Nakuru, Matroni alinipa kazi ya kufunga bandeji miguu ya wagonjwa waliotolewa mishipa. Enzi hizo vena, yaani mishipa ya miguu iliyovimba, zilitibiwa kwa kisu: mgonjwa alilazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa kwenye kinena na chini ya goti, kisha mshipa ukavutwa ukatoka. Matroni hakuwa mtu wa maneno mengi. "Funga kuanzia vidoleni, halafu umwinue. Huyo lazima atembee." Nilimwona mkali kupita kiasi. Leo namshukuru.

Huku kwetu mgonjwa ni mtu wa kulala. Akirudi nyumbani anatandikiwa, anapikiwa supu ya mifupa, na akionekana amesimama watu wanauliza nani amemwamsha. Ni upendo, sikatai. Lakini mguu ukikaa bure damu inaweza kuganda, na donge likifika mapafuni linaweza kuua.

Tabitha, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, alipendwa hivyo. Mguu wake wa kulia ulipofanyiwa kisu, jamaa walimlaza mpaka goti likakakamaa, na kila hatua ikawa kilio. Miaka ikapita. Mguu wa kushoto nao ukatoa mishipa minene, na juu ya kifundo kikafunguka kidonda kisichopona. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kliniki ya miguu.

"Sista, nisafishie tu nirudi shamba," aliniambia. "Kisu sitaki tena. Heri nikae na kidonda."

Daktari wetu wa upasuaji akamweleza kwamba siku hizi waya mwembamba huingizwa ndani ya mshipa, ukauchoma kwa joto hadi ujifunge. Tabitha aliniangalia mimi.

"Na uchungu?"

Nilimwambia sindano za ganzi zingemchoma pajani, tena si moja. Baadaye angehisi mvuto kama wa kamba kwa siku kadhaa, na ngozi ingevilia damu. Wengi hutulizwa na tembe za kawaida. Njia nyingine, dawa ya povu inayodungwa mshipani, haiumi kiasi hicho, ila mara nyingi hurudiwa, na mshipa wake ulikuwa mnene mno.

"Kwa hivyo itauma."

"Itauma, lakini si kama ile."

Akakubali.

Siku ya matibabu bintiye Chela alikuja na blanketi, tayari kumbeba. "Sista, mathe hatembei! Si mmemchoma sasa hivi?"

"Ukitaka kumsaidia, mshike mkono," nilimjibu, nikimvalisha mama yake soksi ya kubana. Tabitha akashuka kitandani. Akakanyaga, akasimama, akakanyaga tena. Chela akaanza kulia.

"Wacha kulia, wewe. Twende nje," mama yake akasema.

Kidonda kilifunga polepole. Wiki yangu ya mwisho kazini, Tabitha alimleta jirani mwenye mishipa kama yake, aliyeogopa matibabu. Akainua rinda mbele yetu bila haya. "Huu nililalia. Huu nilitembelea."

"Na hukuogopa?" jirani akauliza.

"Niliogopa sana. Lakini huyu sista hakunidanganya."

Nimestaafu sasa, naishi Subukia. Kwenye sherehe ya kuniaga nilisifiwa mengi na wakubwa, na nilishukuru kwa moyo wote. Maneno yao nimeyasahau. Ya Tabitha ninayo.